Mama anapepeta maharage: jinsi ya kuchora kazi ya nyumbani kwa rangi, mwanzo mpaka mwisho

Vijana wengi wanaoanza kuchora kwa rangi huku Mbeya ukiwauliza wanataka kuchora nini watakwambia twiga, tembo, Mmasai na mkuki wake, kwa sababu ndo picha wanazoona zinauzwa kwa wageni. Sio vibaya, ila leo nataka tuchore kitu kilichopo uani kwako, mama anapepeta maharage. Hii kazi ikifika msimu wa mavuno unaikuta karibu kila nyumba kuanzia Uyole mpaka Mbozi, ina mwendo, ina rangi, ina vumbi, ina mwanga mzuri wa asubuhi, na picha zake zilizochorwa vizuri ni chache mno, inaniuma kweli.

Na tuwekane sawa mapema, hii sio picha ya kujifunzia tu alafu baadae uhamie kwenye mambo makubwa. Johannes Vermeer wa mji wa Delft kule Uholanzi alichora dada wa kazi anamimina maziwa, mezani kuna mikate, dirisha liko kushoto, basi, hamna kingine cha ajabu, na hiyo picha ya kati ya 1657 na 1660 hivi ina kama sentimita 45 kwa 41 tu, lakini mpaka leo watu wanasafiri kwenda Amsterdam kuitazama. Ufaransa Gustave Courbet mwaka 1854 alichora wanawake wanachekecha nafaka, ndugu wa karibu kabisa wa hii kazi yetu. Na hapa nyumbani Sam Ntiro, aliyezaliwa 1923 na akasoma Makerere, alichora maisha ya kijijini, ana picha ya 1956 ya wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ipo kwenye makumbusho ya MoMA kule New York. Kwaiyo mama na ungo wake wana haki zote za kukaa ukutani.

Hatua ya kwanza: ijue kazi kabla hujashika penseli

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu kuliko popote, ukiharibu hapa rangi haitakuokoa. Kaa uangalie mtu anapepeta, usichore, angalia tu. Utaona ungo haurushwi kwa mabega, unarushwa kwa viganja, ukingo wa mbele unanyanyuka ghafla kidogo, maharage yanapanda kwa pamoja, upepo unachukua makapi, alafu ungo unashuka kidogo kuyapokea ili yasidunde yakamwagika. Baada ya kurusha mara kadhaa anabadilisha, anatikisa ungo upande kwa upande, hapo anapembua, punje nzuri zinarudi karibu na tumbo, takataka nyepesi zinasogea mbele, alafu anazitoa kwa vidole au anapuliza. Hizo ni pozi mbili tofauti kabisa, mikono inakaa tofauti, shingo inakaa tofauti, ukizichanganya kwenye picha moja kila mama atakayeiona atajua umechora kitu usichokijua.

Kama nyumbani kuna ungo, uombe upepete mwenyewe hata kilo moja. Utajua mgongo unauma wapi, utajua kwamba mtu anageuka akae upande ambao upepo hautamrudishia vumbi usoni, na hicho kitu kimoja tu kitakwambia nywele, kanga na makapi kwenye picha yako vielekee wapi.

Alafu kuna adabu ya kuomba. Usimpige mtu picha ya simu kwa kujificha nyuma ya mgomba. Ukiwa Iringa anza na kamwene, ukiwa Tukuyu anza na ugonile, popote pale shikamoo haikosi kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Naomba nikae hapa kidogo nikuchore ukiwa unapepeta."

"Mimi? Na hili gauni? Ngoja basi nikavae kitenge."

Hapo wengi wanakwama, kwa sababu mama akirudi amependeza, amesimama wima anaangalia kamera, kazi imeisha. Ushauri wangu, usimkatalie. Mpige kwanza picha moja nzuri na kitenge chake, umuahidi utaisafisha umletee, na kweli umletee. Akisharidhika muombe arudi kwenye kazi kama kawaida. Na kama anaacha shughuli zake kwa ajili yako mpe chochote, muda wake una thamani kama wa fundi yeyote.

Mwanga ni saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa nne, au kuanzia saa kumi jioni. Saa sita mchana jua liko utosini, macho yote yanageuka mashimo meusi, achana nayo. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi baridi ya kwetu mnaijua, mama atakuwa na sweta juu ya gauni, kanga kiunoni na kitambaa kichwani. Usimvue hiyo sweta kwenye picha eti ili aonekane "wa Kiafrika" zaidi, sweta na ungo ndo Mbeya yenyewe.

Hatua ya pili: vifaa

Turubai la wachoraji huku kulipata ni shida na bei yake inakatisha tamaa. Tumia hadibodi. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alianza kuchora hivyo hivyo Dar mwishoni mwa miaka ya 60, hadibodi na rangi ya mafuta ya kung'aa, na leo dunia nzima inajua jina lake. Nenda kwa seremala akukatie kipande cha sentimita 45 kwa 60, kinatosha sana.

Hadibodi ina upande laini na upande wa mikwaruzo. Chora upande laini, ila upige msasa mwepesi kwanza rangi ipate pa kushika, ufute vumbi, alafu upake rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, mikono miwili, wa kwanza ukienda juu chini na wa pili ukienda kushoto kulia. Na nyuma paka pia, hata mkono mmoja. Ukipaka upande mmoja tu inapinda, na huku kwenye unyevu wa masika inapinda haraka zaidi.

Rangi, kama unaanza nakushauri akriliki, rangi ya wachoraji inayochanganywa na maji, au rangi za maji za ukutani unazozikoleza mwenyewe, zinakauka haraka na unaosha brashi kwa maji. Rangi ya mafuta inang'aa vizuri lakini kwa baridi ya Mbeya utasubiri mno, na tapentaini usiitumie chumbani ulikofunga madirisha. Nunua nyeupe, njano, nyekundu, bluu na kahawia. Nyeusi iache dukani kwa sasa, giza utalipata kwa kuchanganya bluu na kahawia na litakuwa hai zaidi. Brashi tatu, moja pana, moja ya kati, moja nyembamba, na mkaa wa jikoni kwa kuchorea mistari ya mwanzo, tafuta vipande vyembamba vilivyoiva vizuri.

Hatua ya tatu: panga nini kiwepo na nini kitoke

Uani kuna vitu vingi, ndoo, beseni, kuku, watoto, kamba ya nguo, sufuria limegeuzwa, pikipiki ya mjomba. Ukiviweka vyote macho hayajui yaende wapi. Ile picha ya Vermeer ya maziwa, mwaka 2022 watafiti wa makumbusho ya Rijksmuseum walitangaza kwamba chini ya rangi wameona alikuwa ameanza kuweka ubao wa kutundikia majagi nyuma ya kichwa cha yule dada, na kapu la kuwekea makaa ya moto pale chini, alafu akafunika. Akabakiza ukuta mtupu. Na ule ukuta mtupu ndo unaofanya ule uzi mdogo wa maziwa uonekane.

Kwaiyo chagua vitatu au vinne. Mimi ningebakiza mama, ungo, turubai la plastiki chini lenye lundo la maharage, na kuku mmoja pembeni anayevizia, kwa sababu kuku huwa yupo kweli. Nyuma weka ukuta wa tofali za kuchoma, na kama unataka mlima uweke Loleza kwa mbali umefifia kabisa, rangi ya bluu nyepesi yenye kijivu, usishindane na mama.

Sasa simama wapi? Sio lazima uchore uso. Kwenye ile picha ya Courbet yule mwanamke wa katikati amepiga magoti ametupa mgongo, gauni jekundu, mikono imenyooka na chekecheke, uso wake huuoni hata kidogo, na bado unajua kila kitu kuhusu nguvu anayoitumia. Pembeni yake kuna mwenzake amekaa anachambua kwa mkono kwenye sahani, na mtoto wa kiume anachungulia ndani ya mashine ya mbao ya kupepetea. Kwa anayeanza nashauri umchukue mama kwa ubavu, ila awe amegeuka kidogo kuelekea kwako, mikono yote miwili ionekane. Mikono ndo hadithi.

Hatua ya nne: mistari

Kwa mkaa, weka kwanza mstari mmoja tu wa mwili wote, kutoka kisigino mpaka utosi, unaoonyesha jinsi alivyoinama. Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa saba hivi na nusu, lakini huyu ameinama na magoti yamelegea, kwaiyo pima kwa penseli mkono umenyoosha, usikariri namba.

Alafu ungo. Hapa wengi wanachora duara kamili kama sahani iliyotundikwa ukutani, na picha nzima inaanguka. Ungo ulioshikwa usawa wa tumbo, wewe ukiwa umesimama, unauona umebanwa, upana mrefu na kimo kifupi. Ukikaa kwenye kigoda macho yako yakawa karibu usawa wa ungo, unabanwa zaidi mpaka unakaribia kuwa mstari. Ukiwa juu yake unafunguka. Chora lile umbo lote kama ungo ungekuwa hauna mtu, pitisha mstari hata pale mikono inapoziba, alafu ndo uweke mikono juu yake. Dole gumba linakaa juu ya ukingo, vidole vinne viko chini vimesambaa vimebeba, na kwa upande wa mbali utaona ncha za vidole tu au usione kabisa.

Wakati gani wa kuchora? Chagua pale maharage yamefika juu kabisa, kabla hayajaanza kushuka. Kitu kilichorushwa kikifika kileleni kinapunguza mwendo, jicho linapata nafasi ya kukiona, ndo maana wakati huo kwenye picha unaaminika. Ukichagua yakiwa katikati ya kupanda utahitaji kuyafifisha sana la sivyo yataonekana yamegandishwa hewani.

Kama mwendo unakushinda kwa sasa, chagua wakati wa kupumzika. Mfaransa mwingine, Chardin, miaka ya 1730 alimchora mpishi anamenya mboga za mizizi, ameacha kisu kimetulia mkononi anaangalia pembeni. Kazi ipo, ila imesimama kidogo. Mama ameegemeza ungo kwenye paja anapangusa jasho, hiyo nayo ni picha kamili.

Hatua ya tano: rangi

Kwanza funika weupe wote kwa rangi nyembamba ya udongo, kahawia na njano kidogo iliyochanganywa na maji mengi. Ikikauka, weka sehemu zote za kivuli kwa mchanganyiko wa kahawia na bluu, usihangaike na vitu vidogo, macho ya nini, vidole vya nini, sehemu kubwa tu, giza na mwanga. Rudi nyuma hatua tano uangalie. Kama kutoka kule hujaelewa kwamba ni mtu na ungo, rekebisha sasa hivi kabla hujaendelea.

Ngozi. Tafadhali sana msichore ngozi ya mama zetu kwa kahawia moja kutoka kwenye kopo. Anza na kahawia yenye nyekundu kidogo kwa sehemu za kawaida. Kivuli ongeza bluu. Pale juu ya paji la uso na kwenye mabega ambako anga linaangaza, weka bluu nyepesi yenye weupe kidogo, sio nyeupe tupu, ukiweka nyeupe tupu anaonekana amepakwa chaki. Alafu angalia chini ya kidevu na upande wa chini wa mikono, hapo kuna kitu watu hawakioni: ungo wenyewe umepigwa na jua, ni wa njano ya mianzi, unarudisha mwanga kwenda juu. Weka joto kidogo la njano na nyekundu hapo chini ya kidevu, na mtu anainuka kutoka kwenye hadibodi mbele ya macho yako. Mi nikifundisha hiki kitu ndo huwa nafurahi kuliko vyote.

Nguo usichore kila ua la kitenge. Weka rangi ya chini, weka mikunjo ya giza, alafu maua machache upande wa mwanga, na yale yaliyoko kwenye mkunjo yakatike au yapinde pamoja na kitambaa. Maua yakipita moja kwa moja juu ya mkunjo kama hayaoni mkunjo, gauni linakuwa ubao.

Maharage yenyewe, chagua aina, usichore "maharage" tu. Ya njano yanang'aa vizuri juani na yanaonekana kirahisi mbele ya ukuta wa tofali. Kwenye ungo usichore punje moja moja zote, piga rangi ya jumla ya lundo, kivuli upande mmoja, alafu punje kama ishirini za juu ndo uziweke wazi na kijinukta cha mwanga. Yaliyoko hewani yaweke kwa kundi, yamebanana katikati na machache pembeni, ukubwa tofauti. Makapi ni kitu kingine, ni mepesi, yanakwenda upande mmoja tu, ule wa upepo, na rangi yake ni njano iliyopauka karibu na krimu. Tumia brashi kavu yenye rangi kidogo uifute kwenye gazeti kwanza, alafu uguse guse kuelekea upepo unakokwenda. Kama kanga inapepea kushoto na makapi yanakwenda kulia, kuna tatizo.

Kivuli chini ya miguu usikisahau, na asubuhi ni kirefu na kina ubluu. Bila hicho mama anaelea.

Ukitaka kazi nyingine badala ya kupepeta

Njia ni ile ile, ila kila kazi ina pake pa kuangalia. Mama wa Iringa anayesuka kikapu cha milulu, zile nyasi za kusukia, angalia zile nyuzi za kusimama ambazo bado hazijasukwa zinavyotawanyika juu, na kikapu kinavyobanwa na magoti, rangi ya milulu mipya ina ukijani na iliyokaa ina udongo udongo. Vyungu vya Wakisi wa Ziwa Nyasa vinavyokuja kwa mtumbwi kutoka Ikombe mpaka Lyulilo pale karibu na Matema, ukivichora kumbuka mdomo wa chungu ulioko juu karibu na usawa wa macho unabanwa kuliko kitako kilichoko chini, watu wanavigeuza hivyo na chungu kinaonekana kinadondoka. Kazi za wanaume zipo pia, Gustave Caillebotte mwaka 1875 alichora mafundi watatu wamepiga magoti wanaparua sakafu ya mbao, majaji wa maonyesho makubwa ya Paris wakaikataa, na leo ni moja ya picha zake zinazojulikana zaidi. Karakana ya seremala mtaani kwako ina mwanga ule ule wa dirishani na maranda yale yale chini.

Jikoni ndani kwenye mafiga ni pagumu kwa anayeanza, kuta zina masizi, mwanga unaingia mlangoni tu, lakini ni pazuri sana. Fika huko ukishachora za nje kadhaa.

Hatua ya mwisho: ipeleke ikakaguliwe

Kabla hujasaini, chukua picha uipeleke kwa mama yule yule aliyekuwa anapepeta, au mwingine yeyote anayeijua kazi, na umuulize kitu kimoja tu, huyu anapepeta kweli? Usimuulize kama imependeza, atakwambia imependeza kwa sababu ni mstaarabu. Yeye ataangalia mikono. Anaweza kukwambia "huyu hivi alivyoshika maharage yatamwagika yote, ungo ungeinuka huku mbele", chukua hayo maneno kama dhahabu, rudi nyumbani urekebishe, akriliki na rangi ya maji zinakubali kupakwa juu yake tena.

Ikishakauka kabisa, kwenye Mbeya ya mwezi wa saba ipe siku kadhaa hata kama ni rangi ya maji, unaweza kuipaka vanishi ya maji isiyo na rangi, mkono mmoja mwepesi. Vanishi ya mbao ya kawaida ya dukani usiitumie, nyingi zinageuka njano. Saini yako iweke ndogo pembeni chini. Nyuma ya hadibodi andika kwa peni isiyofutika kazi inayofanyika, aina ya maharage, kijiji au mtaa, mwezi na mwaka, na kama mama amekubali, jina lake kwa namna anayotaka aitwe. Alafu piga picha nzuri ya mchoro wako nje mchana penye kivuli chepesi, isafishe nakala, umpelekee pamoja na ile ya kitenge uliyomuahidi.